Behewa la Mvuke: Mfano Wake na Taabu Zake

Leo twapenda kuwaeleza habari za chombo ambacho wengi wetu hatukupata kukiona kwa macho, nacho ni behewa la mvuke.

Gari la moshi twalijua sote. Mbele hutangulia injini, nyuma hufuata mabehewa, na baina yao kuna kiungo cha chuma. Injini ikiharibika hufunguliwa, huletwa nyingine, wala abiria hawana haja ya kuhama viti vyao. Behewa la mvuke halina mgawanyo huo. Ni behewa moja refu, lina viti na madirisha kama mabehewa mengine, lakini mwisho wake mmoja umetengwa chumba kidogo, na katika chumba hicho mna tanuri, mna boila ya maji, mna makaa ya mawe, na mna mtu wa kuchochea moto. Chini ya chumba hicho mna silinda na pistoni za kuzungusha magurudumu. Basi behewa hujivuta lenyewe. Ukiliona kwa mbali utadhani ni nyumba iliyong'oka ikaondoka pamoja na jiko lake.

Fikira hiyo ilikuwa ya akili. Kuwasha injini nzito ili ivute behewa moja lenye abiria kumi na kapu la mayai ni sawa na kupakia barua moja juu ya ngamia. Heri kumtuma mtoto. Walakini huko Uingereza, ambako mabehewa haya yalitengenezwa kwa wingi, hakuna hata moja lililobaki katika kazi ya kila siku. Yanakoonekana sana sasa ni juu ya meza, nayo ni mifano midogo. Sisi twaona ni vema kuanza na meza, kwa sababu huko ndiko behewa la mvuke linakopendeza, kisha twende relini tukaone kwa nini huko lilishindwa.

Katika Uingereza, na katika nchi nyingine pia, wako watu wazima, wengine wenye wajukuu, ambao hupitisha jioni zao wakitengeneza reli ndogo na magari madogo. Msidhani ni mchezo wa kitoto. Kazi yao ina vipimo vyake, na mtu akikosea nusu milimita wenziwe huona. Kipimo kinachotumika zaidi huko Uingereza ni milimita 4 kwa kila futi moja ya gari la kweli, yaani mfano huwa sehemu moja katika 76, na njia yake ya reli huwa na upana wa milimita 16 na nusu. Kwa hiyo behewa la mvuke lenye urefu wa futi 70 hutoka milimita 280, pungufu kidogo ya rula ya shule. Wako wapendao kipimo kikubwa zaidi, milimita 7 kwa futi, na kwao behewa lilo hilo hukaribia nusu mita.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini wapende behewa hili, na injini kubwa za fahari zipo? Jibu ni nafasi. Nyumba za watu wengi huko si pana, na mwenye kutaka reli hupewa rafu moja ukutani, au meza iliyo nyuma ya mlango. Treni ya kawaida huhitaji injini, mabehewa matatu au manne, na njia ya pili ya pembeni ili injini ipate kuzunguka na kufungwa upande wa pili kwa safari ya kurudi. Behewa la mvuke halihitaji hata moja katika hayo. Lenyewe ni treni nzima. Hufika mwisho wa njia, dereva huhamia chumba cha upande wa pili, nalo hurudi lilikotoka. Kwa rafu ya mita mbili mtu aweza kuwa na stesheni yake, kibanda chake cha abiria, na safari kamili ya kwenda na kurudi mpaka achoke.

Si kwamba mfano ni kazi rahisi. Magurudumu ya mbele na pistoni zake zimefungwa katika kigari kidogo kilicho chini ya behewa, nacho hugeuka peke yake kwenye kona wakati behewa lenyewe limenyoka. Kila fimbo na kila bomba lazima lipate nafasi ya kupinda bila kugusa kitu. Tena reli za mezani zina kona kali mno, kali kuliko kona yoyote ya njia kuu, na behewa refu likipita katika kona tumbo lake huingia ndani na ncha zake hutoka nje; ndipo hukwangua ukingo wa stesheni, na rangi iliyopakwa kwa wiki nzima ikatoka kwa dakika moja. Na kwa kuwa uzito mwingi wa behewa hauko juu ya magurudumu yanayovuta, mafundi hutia vipande vya risasi upande wa injini ili magurudumu yasiteleze.

Sasa angalieni jambo hili. Risasi hiyo mara nyingi hutiwa ndani ya boila. Boila ya mfano haina maji wala moto. Kinachozungusha magurudumu ni mota ndogo ya umeme, na dohani yake haikupata kutoa moshi tangu kuzaliwa kwake. Mfano, basi, umechukua kila kitu cha behewa la mvuke isipokuwa mvuke.

Wako mafundi ambao hawaridhiki na hayo, nao hutengeneza mifano inayochemsha maji kweli kwa taa ya spiriti au kwa gesi. Hao hukutana na sheria ya maumbile ambayo kila mwanafunzi wa hesabu aweza kuifuata. Chukua sanduku lenye inchi 10 kila upande, na jingine lenye inchi 1 kila upande. Dogo ni mfano wa kubwa, sehemu moja katika kumi. Uso mmoja wa sanduku kubwa ni inchi mraba 100, na wa dogo ni 1. Lakini ukitaka kulijaza kubwa kwa vidogo, utahitaji vidogo 1,000. Maana yake, ukipunguza urefu mara 10, uso hupungua mara 100, na ujazo hupungua mara 1,000. Kwa kipimo cha milimita 7 kwa futi, ambacho ni kama sehemu moja katika 43, maji ya boila ya mfano yatakuwa kama sehemu moja katika 80,000 ya maji ya boila ya kweli. Maji machache yenye uso mkubwa wa kupozwa na hewa hupoa upesi, kama vile kikombe cha chai kinavyopoa wakati sufuria ya chai ya arusi bado yatoa moshi. Kwa hiyo mfano wa mvuke hula moto mwingi kwa safari fupi, na fundi wake hushinda akiinama juu ya taa yake kama mtu anayepulizia kuni mbichi.

Hapa twataka kusema neno moja na vijana wetu, kwa kuwa twawajua. Msichukue kopo la bati, mkalitia maji, mkaliziba, mkaliweka motoni ili kuona kama mvuke utasukuma kitu. Mvuke uliofungiwa bila mlango wa kutokea hupasua kopo, na vipande vyake pamoja na maji ya moto huruka usoni kwa mtu. Boila za mafundi tuliowataja, hata zile ndogo kama ngumi, zina kilango cha chuma chenye springi kinachofunguka chenyewe mvuke ukizidi, nazo hujaribiwa kwanza kwa maji baridi yaliyosukumwa kwa nguvu kuliko zile zitakazotumika.

Sheria hiyo ya ujazo ina upande wa pili, nao ndio unaotupeleka relini. Uzito wa mfano hupungua mara 1,000, lakini unene wa ekseli zake, ukipimwa kwa uso wake uliokatwa, hupungua mara 100 tu. Basi kwa kulinganisha na mzigo wake, mfano una nguvu mara kumi kuliko gari la kweli. Ndiyo sababu sisimizi hubeba punje iliyo nzito kuliko mwili wake, na tembo hawezi kumbeba tembo mwenziwe. Behewa la mfano haliumwi na mitikisiko, halipasuki viungo, wala halilalamiki kwa kupandishwa kilima. Mtu aliyeliona mezani tu hana njia ya kujua taabu za lile kubwa.

Na taabu hizo zilikuwa nyingi.

Mabehewa ya mvuke si jambo la juzi. Mwaka 1847 mhandisi James Samuel wa Eastern Counties Railway alikuwa na kigari kidogo cha mvuke, kilichotengenezwa na William Bridges Adams huko Bow, London. Lakini wakati wake hasa ulikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na kilichouleta ni hofu. Miji ya Uingereza ilikuwa imeanza kutandaza tramu za umeme barabarani. Tramu husimama kila penye watu, na nauli yake ni ndogo. Treni husimama katika stesheni zilizo mbali mbali, nayo yataka mkuu wa stesheni, karani wa tiketi na wachukuzi. Abiria wa safari fupi wakaanza kuziacha treni, na makampuni ya reli yakatafuta kitu chenye wepesi wa tramu kitakachopita juu ya reli zao wenyewe.

Mwaka 1903 makampuni mawili yaliyoshirikiana yalitia behewa la mvuke katika njia fupi ya kutoka Fratton kwenda Southsea, kusini mwa Uingereza. Dugald Drummond ndiye aliyelichora. Boila yake ilikuwa ndogo mno, mvuke haukutosha, ikabidi kulitia boila kubwa zaidi. Onyo lilikuwa limekwisha kutolewa siku ile ya kwanza. Lakini kampuni ya Great Western Railway iliona faida iliyomo, ikalijaribu behewa hilo la Southsea, kisha ikajitengenezea yake. Tarehe 12 Oktoba 1903 mabehewa yake mawili ya kwanza yalianza kazi katika bonde la Stroud, magharibi ya Uingereza, baina ya Chalford na Stonehouse. Njia hiyo ni ya maili saba hivi, na vijiji na vinu vya nguo vimepangana bondeni karibu karibu.

Wenyeji walipendezwa sana, na twaweza kuelewa kwa nini. Kampuni ilijenga vituo vidogo vya mbao mahali ambapo treni haikupata kusimama tangu reli itandazwe. Kituo hakikuwa na karani wala mkuu. Gadi aliuza tiketi ndani ya behewa, kama afanyavyo kondakta wa basi. Mwanamke aliyezoea kutembea na kapu lake mpaka stesheni ya mbali sasa alingoja karibu na mlango wake. Kati ya mwaka 1903 na 1908 kampuni ile ilitengeneza mabehewa ya mvuke 99. Makampuni mengine nayo yakaiga, huko Uingereza na Ireland.

Taabu ya kwanza ilitokana na baraka yenyewe. Behewa la kwanza lilikuwa na viti vya watu wapatao 50. Siku ya kawaida vilitosha na kuzidi. Lakini siku ya soko, au siku ya sikukuu, wakaja watu zaidi ya hao, na kila kituo kipya kikaongeza wengine. Treni ya kawaida ikizidiwa huongezwa behewa. Behewa la mvuke likizidiwa hufanyiwa nini? Injini yake imepimwa kujivuta yenyewe na mzigo wake, na nguvu ya ziada ni kidogo sana. Wakijaribu kulifungia behewa jingine nyuma, kwenye tambarare lilikwenda, lakini kwenye mwinuko likatweta na saa ikapita. Hata kulifungia gari moja la maziwa au la farasi, kama ilivyo desturi katika njia za mashambani, kulikuwa ni kulitafutia kisa. Kwa hiyo mahali lilipofaulu kuvuta watu, hapo hapo ndipo liliposhindwa kuwachukua. Na mahali palipokosa watu, halikuwa na faida. Sisi twaona hili ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, ingawa wahandisi wengi hupenda kutaja kwanza lile la pili.

La pili ni la usafi na matengenezo. Injini yoyote ya mvuke ni chombo kichafu. Kila asubuhi, saa kadhaa kabla ya safari, lazima moto uwashwe, majivu yazolewe, masizi yakwanguliwe katika mabomba, na viungo vipakwe mafuta. Kila baada ya siku kadhaa moto huzimwa, boila huachwa ipoe, ikafunguliwa na kuoshwa ndani, kwa sababu maji huacha ukoko wa chokaa, kama ule uonekanao ndani ya birika la zamani, na ukoko huo huzuia moto usiyafikie maji. Kazi hizo hufanyiwa katika banda la injini, mahali pasipo na kitu cheupe. Injini ya kawaida huingia bandani peke yake, na mabehewa hubaki nje, yakafagiwa na kupanguswa. Behewa la mvuke haliwezi kujigawa. Injini ikiingia bandani, viti vya abiria huingia nayo. Vumbi la makaa hupenya madirishani, fundi mwenye mikono ya mafuta hupita akishika mahali pa kushikia abiria, na asubuhi yake bibi aliyevaa nguo ya Jumapili huketi hapo hapo. Malalamiko ya namna hiyo hayakomi kwa kuwaambia watu kuwa nauli ni rahisi.

Tena, kiungo kimoja cha injini kikivunjika, behewa zima lenye viti 50 husimama kazi. Fundi ataka kubadilisha bomba moja la boila, na kwa ajili ya bomba hilo kampuni hukosa injini yake na behewa lake kwa pamoja. Kuitoa injini chini ya behewa na kuirudisha si kazi ya nusu saa.

Tukija kwa abiria mwenyewe, pistoni zile za chini huenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, na kila pigo hutikisa kigari kilichobeba mwisho wa behewa. Katika treni ya kawaida mtikisiko huo hubaki mbele katika injini, na kiungo na springi huuvunja nguvu kabla haujafika kwa abiria. Hapa abiria ameketi mwili mmoja na injini. Mtu aliyeketi karibu na chumba cha boila alipata mtikisiko, kelele na joto kwa nauli ile ile moja. Siku ya baridi, joto halikuwa hasara kwake. Lakini yule mchochea moto, aliyefungiwa ndani ya chumba kile chembamba pamoja na tanuri, hakuwa na siku ya nafuu.

Mchochea moto huyo alikuwa na jambo jingine pia. Behewa likienda upande wa boila, yeye na dereva walikuwa pamoja. Likirudi, dereva alikwenda kukaa mwisho wa pili, akaongoza kwa fimbo ndefu zilizounganishwa na mlango wa mvuke, na kwa kengele za ishara. Nyuma kule mchochea moto alibaki peke yake, akiangalia maji, moto na mvuke, wala haoni njia iliyo mbele. Kazi ilifanyika, tena ilifanyika salama kwa miaka mingi, lakini ilihitaji watu wawili wanaojuana sana. Na hapo twaona kwamba watu wa injini walikuwa wawili, kama katika injini ya kawaida, na gadi wa tatu. Mshahara haukupungua kama walivyotumaini wenye kampuni.

Wahandisi hawakukaa kimya. Katika kampuni ya Lancashire and Yorkshire Railway, George Hughes alitengeneza mabehewa ya mvuke 18 kati ya mwaka 1906 na 1911, ambayo injini yake ilikuwa ndogo kweli lakini yenye boila ya kulala kama za injini nyingine, na iliweza kufunguliwa ikatolewa na kuwekwa nyingine. Twamsifu kwa hilo. Aligusa penye kidonda, na la mwisho kati ya hayo liliendelea mpaka mwaka 1948.

Great Western Railway yenyewe ilipita njia iliyo fupi zaidi. Ilichukua injini ndogo ya kawaida, ikaifunga kwa behewa lenye chumba cha dereva mwisho wake, na fimbo za kuongozea zikapita chini ya behewa mpaka kwenye injini. Dereva akaongoza kutoka upande wowote, kama katika behewa la mvuke, na injini haikuwa na haja ya kuzunguka. Lakini kiungo kilirudi mahali pake. Siku ya soko waliongeza behewa la pili. Injini ikitaka kuoshwa walileta nyingine. Na viti havikuingia tena katika banda la masizi. Basi wakaanza kuyatoa injini mabehewa yao ya mvuke, moja baada ya jingine, na kuyageuza kuwa mabehewa ya kuvutwa. Mnamo mwaka 1932 mhandisi wao mkuu, Charles Collett, alianza kutoa injini mpya ndogo 75 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, na mwaka 1935 behewa la mvuke la mwisho katika kampuni ile likaacha kazi.

Hata hivyo mvuke haukukubali kushindwa mara moja. Kampuni ya Sentinel ya Shrewsbury, iliyokuwa ikitengeneza malori ya mvuke, ilishirikiana na Cammell Laird kutengeneza mabehewa mepesi, na la kwanza lilikwenda katika kisiwa cha Jersey mwaka 1923. Haya yalikuwa na boila ndogo yenye mvuke wa nguvu nyingi, ratili 275 kwa inchi mraba na zaidi, na mashine iliyofunikwa vizuri. London and North Eastern Railway ilinunua kama 80, ikayapa majina ya magari ya farasi ya zamani yaliyokuwa yakichukua barua na abiria. Yalikuwa bora kuliko ndugu zao wakubwa, lakini moto ni moto, na maji ya chokaa ni maji ya chokaa. Kufika mwanzo wa mwaka 1948 yote yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Bara letu nalo lilipata sehemu yake: mwaka 1951 reli za Misri ziliagiza mabehewa 10 ya Sentinel, kila moja likiwa na sehemu tatu zilizoungana.

Tukisema behewa la mvuke lilishindwa, hatusemi kwamba fikira ya behewa linalojivuta ilishindwa. Mwaka 1933 kampuni ile ile ya Great Western ilipata behewa lake la kwanza la dizeli. Dizeli haitaki kuwashiwa moto alfajiri, haina majivu, haina ukoko wa chokaa, na dereva mmoja aiweza. Umeme una usafi zaidi. Mwaka 2020 abiria wa Nairobi walianza kupanda mabehewa ya dizeli yanayojivuta yenyewe, yaliyotoka Hispania. Na treni ya umeme iliyoanza safari baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ambayo watu waiita Mchongoko, nayo haina injini ya kutangulia. Mota zake zimo chini ya mabehewa ya abiria, na dereva huhama upande kama alivyohama yule wa Chalford. Mota haimtupii abiria masizi, wala haihitaji mtu wa kukaa nayo chumbani. Kwa hiyo kuiweka pamoja na viti hakuleti madhara yaliyoletwa na tanuri.

Yuko mmoja katika wale 99 aliyefufuliwa. Namba 93 lilitengenezwa mwaka 1908, likaondolewa injini na kufanywa behewa la kuvutwa, na baadaye likawa ofisi. Wapenzi wa reli wa Great Western Society, wenye makao yao Didcot, walilichukua, wakalitengenezea injini mpya na boila mpya, na mwaka 2011 lilikwenda tena kwa mvuke wake. Viti ni safi na mbao zimepigwa msasa, maana halifanyi kazi ya kila siku, na wanaolifuta ni watu wanaolipenda. Mabehewa wenzake ya zamani hayakuwa na bahati hiyo.

Kwa wanafunzi watakaopenda kujaribu mfano wao wenyewe, mvuke hauhitajiki. Kateni ubao au boksi gumu lenye urefu wa sentimita 28, na chini yake wekeni vigari viwili vya vifuniko vya chupa na waya, kila kimoja kikishikwa kwa msumari mmoja tu wa katikati ili kigeuke. Chora kona sakafuni kwa chaki, sukumeni polepole kigari cha mbele kiifuate chaki, na mmoja wenu aangalie kwa rula ni sentimita ngapi tumbo la behewa linaingia ndani ya kona. Kisha sogezeni misumari karibu na katikati, mpime tena, na mtaona ni ncha zinazotoka nje zaidi safari hii.